Samaki wako mgeni amelala chini na hataki kula? Pima maji kabla ya kukimbilia dawa

SAMAKI umemnunua jana jioni mjini. Umempakata kwenye matatu, mfuko wa maji mapajani, ukavuka naye daraja la Nyali hadi Mishomoroni, kisha ukateremka naye Junda kwa miguu. Leo asubuhi amejibanza kwenye kona ya tangi. Mapezi ameyabana, rangi imefifia, chakula kinaelea juu yake na hana habari nacho.

Kufikia saa nne, kila mtu mtaani ni daktari. Mmoja anasema ni baridi. Mwingine anasema ana minyoo. Wa tatu yuko na kapsuli alizobakisha alipougua koo mwezi uliopita, na ushauri wake ni mmoja tu: fungua mbili, mimina ndani.

Hebu subiri kwanza. Usimimine kitu.

Samaki mgeni akidhoofika katika siku za mwanzo, kitu cha kwanza cha kushuku si ugonjwa. Ni maji. Na kwa anayefugia samaki Junda, maji ndiyo mtihani wenyewe, manake maji ya hapa si ya aina moja na hayafiki nyumbani kwa njia moja. Ukilielewa hilo, utaokoa samaki wengi na pesa zako pia.

Mgonjwa au mgeni tu?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa samaki msemo huu unafanya kazi vizuri sana. Ametolewa kwenye tangi alilolizoea, akafungiwa kwenye mfuko, akatikiswa barabarani, kisha akamwagwa mahali ambapo hajui mlango wala dirisha. Kujificha siku moja au mbili, kupauka rangi na kukataa chakula ni kawaida. Siku ya kwanza usimlishe kabisa. Zima taa ya tangi, usigonge kioo, na uwaambie wadogo zako wapunguze kumchungulia.

Kuna tabia nyingine zinazotisha bure. Samaki wengi wanaofugwa kwenye matangi hawana kope, kwa hivyo hulala macho wazi, wametulia karibu na changarawe. Samaki aina ya beta hupanda juu kuvuta hewa kwa sababu ana kiungo maalumu kichwani cha kupumulia hewa. Kwake huko ni kupumua kama kawaida, hajaishiwa pumzi.

Lakini ukiona mojawapo ya haya, usingoje siku ya tatu:

- Samaki ambao si beta wanahema juu ya maji kwa haraka, midomo wazi.
- Matamvua yamekuwa mekundu sana au yamegeuka rangi ya kahawia.
- Samaki anajisugua kwenye mawe au changarawe kana kwamba anawashwa.
- Anaogelea ubavu, anazama kama jiwe au anaelea kama kizibo.
- Mwili una vidoadoa vyeupe, utando kama pamba, au magamba yamesimama.

Kuna swali moja linalorahisisha mambo: ni samaki mmoja au ni wote? Wakilegea wote kwa pamoja ndani ya saa chache, karibu kila mara tatizo ni maji. Akilegea mmoja huku wenzake wakila na kufukuzana, hapo ndipo unaweza kuanza kufikiria ugonjwa, jeraha, au kwamba wenyeji wanamuonea.

Maji haya yalitoka wapi?

Nyumba nyingi za Junda, kama maeneo mengine ya Kisauni, huchanganya maji. Leo ni ya mfereji, kama yametoka. Kesho ni mitungi ya lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni. Mfereji ukikauka, ni kisima cha jirani. Binadamu anaweza kuoga yote matatu bila kuona tofauti kubwa. Samaki hawezi, kwa sababu yeye anayapumua.

Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Ni jambo jema kwetu, ila klorini hiyo huunguza matamvua ya samaki. Maji ukiyaacha kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, klorini ya kawaida hupotea hewani. Ukiweka pampu ya hewa ndani ya ndoo, hupotea haraka zaidi. Kama huna saa hizo, maduka ya samaki huuza dawa ya kuondoa klorini, na matone machache yanatosha ndoo nzima.

Maji ya kisima hayana klorini isipokuwa mwenyewe awe ameitia, lakini yana mambo yake. Ardhi ya pwani yetu imekaa juu ya miamba ya matumbawe ya kale. Maji yakipita humo hubeba chokaa, yanakuwa magumu, sabuni haitoi povu, na pH yake huwa juu. Visima vilivyo karibu na mkono wa bahari wa Tudor, kule mikoko ilipo, vinaweza kuwa na chumvi ya kuonjeka kabisa. Ndiyo maana watu wa huku hutenganisha maji ya chumvi na maji matamu hata wanapoagiza kwa mwenye mkokoteni.

Sasa chukua samaki aliyekuwa dukani kwenye maji matamu, mmwage ghafla kwenye maji ya kisima chenye chumvi. Mwili wake umezoea kutoa maji kwa kiasi fulani na kuzuia chumvi kwa kiasi fulani. Hesabu hiyo inavurugika kwa dakika moja. Atalala chini, atabana mapezi, na anaweza kufa usiku huohuo bila ugonjwa wowote.

Dawa yake ni kumzoesha polepole. Mfuko uelee juu ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha ufungue, uongeze kikombe kidogo cha maji ya tangi kila baada ya dakika chache, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Mwishowe mtoe samaki kwa kijavu na umtie tangini. Maji ya dukani usiyamwage ndani ya tangi, manake huwezi kujua yamebeba nini.

Chagua pia samaki anayeendana na maji yako. Gapi na moli wanapenda maji magumu, na moli anavumilia hata chumvi. Samaki wa rangi wa Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika asili yao ni maji magumu yenye pH ya juu, ijapokuwa si ya chumvi. Lakini yule tetra mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa asili yake ni mito ya Amazon, ambako maji ni laini na yana asidi kidogo. Kumleta kwenye kisima cha Junda ni kumtafutia maisha magumu bure.

Jambo la mwisho kuhusu chanzo: usibadilishebadilishe. Muulize mwenye mkokoteni maji ameyateka wapi kabla hajamimina. Na tangi likipungua kwa sababu ya joto, kumbuka kwamba yaliyopaa hewani ni maji peke yake, chumvi na chokaa vimebaki. Ukijazia kwa maji ya chumvi kila wiki, chumvi inapanda kidogo kidogo. Jazia kwa maji matamu yaliyotolewa klorini.

Tangi linang'aa lakini lina sumu

Hapa ndipo wengi hupotea. Maji ni safi, unaona hadi upande wa pili, sasa yatakuwaje na shida?

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia vilevile. Amonia haina rangi, na kwa kiwango kinachoua samaki huwezi kuinusa. Kwenye tangi lililokomaa, aina moja ya bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni afadhali mno, na wewe huipunguza kwa kubadilisha maji.

Bakteria hao hawauzwi pamoja na kioo. Wanaota wenyewe kwenye sponji ya kichujio na changarawe, na kwa kawaida huchukua kati ya wiki nne na sita kutosheleza tangi. Kwa hivyo ukinunua tangi Ijumaa, ukalijaza maji na kutia samaki sita Jumamosi, umewafungia chooni bila mtu wa kusafisha. Siku tatu za mwanzo watacheza. Kufikia wiki ya kwanza au ya pili wanaanza kuhema juu ya maji, na wewe unalaumu duka.

Junda kuna la ziada. Amonia huwa na sura mbili ndani ya maji, moja kali na moja pole, na kinachoamua ipi inatawala ni pH na joto. Maji yakiwa na joto la nyuzi 28 na pH 7, sehemu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Yakiwa na joto hilohilo na pH 8, sehemu kali hupanda hadi kati ya asilimia 6 na 7. Ni karibu mara kumi. Uchafu uleule ambao samaki wa sehemu nyingine angeuvumilia unaweza kumuua wa kwako, kwa sababu ya chokaa kwenye kisima na joto la pwani.

Kuna vibanzi na vichupa vya kupimia amonia, nitriti, nitrati na pH. Kabla hujanunua samaki wa pili, nunua hivyo. Amonia na nitriti zinatakiwa kuwa sifuri. Zikionekana hata kidogo na samaki yumo ndani, una kazi ya kufanya leo, si wikendi.

Hatua za saa ya kwanza

Samaki anahema, huna kipimo, na hujui uanzie wapi. Fuata mpangilio huu.

1. Ongeza hewa. Washa pampu, au elekeza mdomo wa kichujio upige uso wa maji. Kama hakuna pampu, chota maji kwa kikombe na uyamwage tena kutoka juu, mara nyingi.

2. Acha kulisha. Samaki mzima mwenye afya anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula. Chakula kinachooza ni mzigo juu ya mzigo.

3. Badilisha maji robo hadi theluthi. Kujua tangi lina lita ngapi, zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha ugawanye kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54. Theluthi yake ni lita 18, yaani karibu mtungi mmoja wa mkokoteni. Maji mapya yawe yametolewa klorini, na yasipishane sana na ya tangi kwa joto na chumvi.

4. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira unapotoa maji. Kama kuna samaki aliyekufa nyuma ya jiwe, mtoe.

5. Usioshe kichujio kwa maji ya mfereji. Ukifanya hivyo unaua bakteria wote waliokuwa wanakusaidia. Ikamue sponji ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini, kisha uirudishe.

6. Rudia kubadilisha maji kesho, na kesho kutwa. Mara nyingi samaki huonyesha nafuu ndani ya siku moja au mbili. Hiyo yenyewe ni jibu kwamba shida ilikuwa maji.

Kama una rafiki mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake chafu. Kwa macho ni uchafu. Kwa tangi lako ni mbegu ya bakteria inayoweza kupunguza wiki kadhaa za kungoja.

Maji yako sawa, bado anaumwa

Umepima, amonia sifuri, nitriti sifuri, wenzake wanakula. Sasa mwangalie vizuri kwa tochi.

Vidoadoa vyeupe kama punje za chumvi kwenye mapezi na mwili, huku akijisugua, ni kimelea kinachojulikana sana na wafugaji wa samaki. Kinachowashinda wengi ni kwamba kikiwa ndani ya ngozi ya samaki, dawa haikifikii. Hudhurika kinapokuwa kinaogelea kutafuta samaki mwingine. Kwa hivyo vidoa vikipotea siku ya nne, usiache. Endelea hadi siku ya 10 au 14.

Chumvi husaidia. Tumia chumvi ya mawe isiyo na viungo, kama ile ya viwanda vya Gongoni na Marereni, Kilifi. Anza na gramu 1 kwa kila lita, ambayo ni kama kijiko cha chai kwa kila lita 5. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe, kisha uitie kidogo kidogo. Baada ya siku moja au mbili unaweza kufikisha gramu 2 kwa lita kwa gapi na moli. Tetra na kambare wadogo wasio na magamba hawaivumilii sana, na mimea ya majini pia huumia. Na kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, usiongeze kabla ya kujua kiasi kilichomo tayari.

Utando mweupe kama pamba mdomoni au doa la kijivu mgongoni mara nyingi ni bakteria. Ugonjwa huu hukimbia zaidi kwenye maji moto, kwa hivyo ule ushauri wa kupasha maji kila samaki akiugua unaweza kummaliza. Mtenge kwenye ndoo safi yenye pampu ya hewa, badilisha maji kila siku, na utafute dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki.

Magamba yakisimama kama koni ya msonobari na tumbo kuvimba, viungo vya ndani vimeshindwa. Wachache hupona. Mtenge ili asiteseke akidonolewa na wenzake.

Zile kapsuli za kubakisha? Hapana. Hujui kipimo, hujui kama ni bakteria, na dawa ya aina hiyo inaweza kuua bakteria wa kichujio na kurudisha amonia palepale. Halafu kuna jambo linalotuhusu sote: antibiotiki zikitumiwa ovyo huzalisha vijidudu sugu, na maji ya tangi hilo unayamwaga nje ya mlango.

Stima ikipotea

Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo. Kwa nyuzi 20 lita moja ya maji matamu hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Kwa nyuzi 30 hushuka hadi miligramu 7 na nusu hivi. Mwezi wa Machi, chumba cha mabati Junda kinaweza kufikisha joto hilo bila taabu, kwa hivyo wengi wetu hatuhitaji kifaa cha kupasha maji. Tunahitaji hewa.

Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Wenye matangi yaliyojaa samaki wanajua usiku kama huo una maana gani: pampu ikizima, samaki wanashindania oksijeni, na bakteria wa kichujio nao wanaanza kufa. Pampu ndogo ya betri ni kinga ya kweli. Kama huna, weka samaki wachache kuliko unavyotamani. Tangi lenye samaki wanne hustahimili giza kuliko lenye 12.

Kibanzi kinaposema mengine

Kuna mara utapima maji ya kisima yenyewe, kabla hayajafika tangini, na ukute nitrati iko juu au amonia imo tayari. Hapo habari si ya samaki tena. Watafiti waliochunguza maji ya ardhini Kisauni wamewahi kuonyesha kwamba uchafu wa vyoo vya shimo huyafikia maji ya visima, na ni rahisi kuelewa kwa nini: nyumba zimebanana, choo na kisima vimekaribiana, na mwamba wa matumbawe una matundu.

Nitriti humuumiza samaki kwa kuizuia damu yake isibebe oksijeni, ndiyo sababu matamvua hugeuka kahawia. Nitrati nyingi kwenye maji ya kunywa inaweza kumletea mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga tatizo la namna hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita kwa sababu hiyo. Na kuchemsha hakusaidii hapo. Huua vijidudu, lakini nitrati inabaki na inakuwa nzito zaidi maji yakipungua sufuriani.

Kibanzi cha samaki si maabara. Lakini kikikupa namba ya kutisha, mwambie mama mwenye mtoto anayeteka hapo, na mwombe mwenye kisima apeleke maji yakapimwe. Mvua za masika zikianza ndio wakati wa kurudia kipimo, kwa kuwa maji ya ardhini hupanda yakakaribiana na mashimo.

Kabla ya kununua mwingine

Samaki akifa, usikimbilie dukani kesho yake kujaza pengo. Kilichomuua bado kimo ndani. Pima, badilisha maji, ngoja kipimo kisome sifuri kwa angalau wiki. Ukienda kununua, muombe muuzaji amlishe samaki mbele yako, uangalie kama wenzake tangini ni wazima, na umuulize anatumia maji gani. Asiyejua jibu la swali la mwisho, mpite.

Mgeni yeyote akae peke yake wiki mbili hadi nne kwenye ndoo au tangi dogo kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Mlishe kiasi atakachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku.

Na ukichoka kufuga, usimpeleke samaki kwenye mtaro wala kwenye maji ya Tudor. Samaki simba, ambaye kwao ni huku Bahari ya Hindi, alionekana pwani ya Florida, Marekani, mwaka 1985, na biashara ya matangi ndiyo inayoshukiwa kumfikisha huko. Leo ametapakaa Karibi akila samaki wadogo wa matumbawe, na hakuna aliyefaulu kumwondoa. Mpe rafiki, au mrudishe dukani.

Samaki wa dhahabu aitwaye Tish, wa Uingereza, alipatikana kwenye maonyesho mwaka 1956 na akafa mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 43. Wetu wengi hawamalizi mwezi. Kabla ya kusema samaki wa dukani fulani ni wabovu, chukua ndoo, uliza maji yametoka wapi, na upime.